Waridi Lililopigwa Mstari

Jumamosi, 12 Oktoba 1996

Paraskevas Kaldelis, mwenyekiti wa ushirika wa mafuta ya zeituni, ametangaza leo asubuhi katika mkahawa wa Lefteris kwamba *Historia ya Rodonas*, kitabu cha Mwalimu juu ya kijiji chetu, itachapishwa tena, na nakala za kwanza zitatolewa siku ya kufunga kinu, Jumamosi tarehe 1 Februari. Ushirika ndio utakaochapisha. Amesema pia kwamba kazi ya kuandaa maandishi nimepewa mimi. Hilo la mwisho nilikuwa silijui.

Sikukataa. Nilistaafu mwezi wa sita baada ya miaka thelathini na moja gazetini Mitilini, mji mkuu wa kisiwa chetu, na nimerudi kijijini kuvuna mizeituni sitini aliyoniachia mama. Mwalimu Ignatios Hatziprokopis ndiye aliyenifundisha kusoma. Ana miaka themanini na moja na macho yake sasa yanaona kingo za vitu tu, katikati hakuna kitu. Nitamsomea kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, yeye atasema pa kurekebisha, mimi nitaandika. Mchapaji anataka maandishi Jumatatu tarehe 20 Januari.

Nilimwuliza Kaldelis kwa nini sasa. Alisema chupa mpya za ushirika zinakwenda Ujerumani zikiwa na picha ya waridi, na Mjerumani hupenda chupa yenye hadithi.

15 Oktoba

Kurasa sita. Mwalimu huketi kwenye dirisha la mashariki, lile linalotazama mlango wa bahari na ng'ambo ya pili, Aivali ya Uturuki, alikozaliwa. Haoni tena ng'ambo. Aliniuliza kama leo milima inaonekana. Nilimwambia inaonekana. Akasema tuendelee.

16 Oktoba

Kurasa tano. Mvua.

19 Oktoba

Nilikosea neno moja nikalifuta kwa kifutio. Alisikia sauti ya kifutio karatasini.

"Stamatia, nani kakufundisha hivyo?"

Sheria yake darasani ilikuwa moja. Kosa halifutwi. Unalipiga mstari mmoja, mwembamba, ili liendelee kusomeka, kisha unaandika sahihi juu yake. Aliyefuta aliandika ukurasa mzima upya. Gazetini tulikuwa na utaratibu tofauti: masahihisho yalikwenda ukurasa wa mwisho, herufi ndogo, chini ya ratiba ya meli.

Nilikwenda dukani kununua kalamu ya wino.

28 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Gwaride la watoto kumi na mmoja. Nilipokuwa shule tulikuwa mia na arobaini.

3 Novemba

Nyavu zimetandazwa. Konde la chini, lile lenye udongo mwekundu, lina vigae vingi kama kawaida. Kila nikivuta wavu vinatoka: vipande vya shingo za mitungi, vipini, kitako kimoja kizima chenye alama ya kidole cha mtu. Nimevitupa kwenye ukuta wa mawe kama alivyofanya mama, na bibi kabla yake. Nusu ya ukuta ule ni vigae.

6 Novemba

Magunia manne. Mgongo.

9 Novemba

Mwalimu amepata barua kutoka Thesaloniki. Mwandishi ni Ioulia Sarri, mtafiti wa daftari za Kituruki. Nilimsomea baada ya kahawa.

Barua ina heshima. Anasema alikuwa mwanafunzi alipokisoma kitabu cha Mwalimu, na ndicho kilichomtia kwenye kazi hii. Kisha anafika kwenye ukurasa wa 14. Hapo Mwalimu anaeleza jina la kale la kijiji. Katika daftari la kodi la zamani limeandikwa kwa herufi mbili tu za Kiarabu, kafu na lamu, kisha neno la Kituruki la kijiji. Kituruki cha zamani hakikuandika irabu zote, na kafu ilibeba sauti ya *k* na ya *g*. Kwa hiyo herufi hizo mbili husomeka *gül*, yaani waridi. Husomeka pia *kül*, majivu. Husomeka *kel*, kipara. Na husomeka *kil*, udongo wa mfinyanzi. Mwalimu alisoma waridi.

Bibi Sarri amepata daftari la pili, la miaka thelathini baadaye, ambamo karani alikuwa mwangalifu na akaweka irabu. Ni *kil*. Na mstari unaofuata unataja kodi ya kijiji: mitungi ya mafuta mia tatu, mitupu.

Anaomba Mwalimu aangalie jambo hilo kabla toleo jipya halijatoka, "kwa sababu wewe ungefanya hivyo kwangu."

Mwalimu alisema, "Soma tena."

Nilisoma tena. Aliomba kahawa ya pili, ambayo daktari amemkataza. Nilimpa.

10 Novemba

Haelekei kufanya kazi. Nilikwenda kondeni nikachukua vigae kutoka ukutani, nikavitazama. Kisha nikavirudisha.

14 Novemba

Leo amezungumza, na niliandika alipokuwa akisema.

Alifika hapa mwaka 1938, ana miaka ishirini na mitatu, koti moja na sanduku la vitabu. Alikuwa amevuka bahari kama mkimbizi akiwa na miaka saba, mkono mmoja umeshika sketi ya bibi yake. Bibi yule alizaliwa bara, ndani kabisa, na hakujua lugha nyingine ila Kituruki; Mwalimu alilala kwa nyimbo za Kituruki mpaka alipofika umri wa kuzionea haya. Herufi za Kituruki cha zamani alifundishwa na karani mzee wa forodha. Kwa hiyo wanakijiji walipotaka kujua hati zao za zamani zinasema nini, mpaka uko wapi, mti ni wa nani, walimletea yeye. Walimletea na mayai. Walipotoka nje walimwita mbegu ya Waturuki.

Mwaka 1952 serikali ilitaka vijiji vyenye majina ya Kituruki vichague majina ya Kigiriki. Wazee wote walikiita Tsilki. Diwani alimpa Mwalimu siku tatu apeleke maana.

"Nikafungua daftari. Kafu na lamu. Nikaona waridi."

Nilimwuliza kama aliona maneno mengine.

"Niliyaona yote manne, mwanangu. Sikuwa mjinga."

"Basi kwa nini waridi?"

Alitazama dirishani, au upande wa dirisha. Alisema alijipa sababu ya kitaalamu. Sisi wa pande zote mbili za mlango huu wa bahari tunameza irabu tunapozungumza, kila mtu anajua hilo. Aliamua kwamba Tsilki ni *gül* iliyomezwa na vinywa vya wakulima. Aliandika ukurasa mzima kuthibitisha. Kijiji kikaitwa Rodonas, bustani ya waridi. Na kwa miaka ishirini na mitatu, hadi alipostaafu, mtoto aliyesema Tsilki darasani alisimama kwenye kona.

Mimi nilisimama mara mbili.

"Walikuwa wanatamka sawasawa; hapa *k* ya *kil* hugeuka *ts*," alisema. "Wote. Mimi ndiye niliyekuwa nawarekebisha."

Mkewe, aliyefariki mwaka 1984, aliitwa Rodanthi, ua la waridi. Sikumwuliza juu ya hilo. Si swali la kumwuliza mtu aliyekwisha kujibu.

15 Novemba

Ameamua. Ukurasa wa 14 utarekebishwa.

16 Novemba

Magunia matano. Vigae.

23 Novemba

Nimemwambia Kaldelis, kwa kuwa ushirika ndio unaochapisha na angejua tu. Nilitarajia tuzungumze ofisini. Alinijibu mbele ya mkahawa mzima.

"Yaani tuwe kijiji cha Udongo?"

Nilisema jina la kijiji halibadiliki, ni maelezo ya kitabu tu. Alisema Mjerumani akinunua chupa ya waridi halafu akafungua kitabu akakuta udongo atauliza kilichomo chupani ni nini. Alisema wenzetu wa kijiji cha juu wakisikia, hatutapita njiani; watatuita Matope mpaka wajukuu zetu wazeeke.

Lefteris, akipangusa meza, alisema ingeweza kuwa mbaya zaidi. "Si wanasema husomeka pia kipara? Shukuru, mwenyekiti. Kwa kichwa hicho wangesema kijiji umekipa jina wewe."

Watu walicheka. Kaldelis hakucheka. Alisema, kwa sauti ya chini sasa, kwamba kitabu kitatoka kama kilivyo au hakitatoka, na kwamba mzee wa miaka themanini na moja asiachwe ajivue nguo hadharani kwa sababu ya barua ya mtu wa mjini.

Niliandika maneno yake nilipofika nyumbani. Nilikuwa nimekasirika. Nikiyasoma sasa, sentensi ya mwisho si ya biashara.

24 Novemba

Nimetafuta makala yangu ya zamani kwenye sanduku. "Kijiji cha Waridi", Aprili 1979, ukurasa wa tatu, picha mbili. Nilinukuu ukurasa wa 14 wote. Sikumwuliza mtu mwingine yeyote.

30 Novemba

Upepo wa kaskazini. Hakuna kazi.

2 Desemba

Mwalimu hatoki. Nilimpelekea supu ya dengu. Alisema watu wawili walipita barabarani bila kumsalimu kupitia dirishani. Nilisema huenda hawakumwona. Alisema yeye ndiye asiyeona.

7 Desemba

Magunia mawili tu. Miti ya juu imemalizika. Lefteris anasema mkahawani watu wamegawanyika, lakini kila upande unaona aibu mbele ya Mwalimu: hawa kwa kutaka akae kimya, wale kwa kutaka aseme.

20 Desemba, Ijumaa

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Ignatios, siku ya jina la Mwalimu. Siku hiyo hutumi mwaliko. Mlango unaachwa wazi na anayekupenda anaingia, anakutakia maisha marefu, anakula kitu kitamu, anaondoka. Nakumbuka miaka ambayo foleni ilifika kisimani. Bibi Rodanthi alikuwa akisimama mlangoni na sinia la biskuti za lozi, akimwambia kila mtoto jina lake kamili, kama vile tulikuwa tumekuja kutahiniwa.

Nilioka biskuti jana. Arobaini. Saa nne asubuhi niliacha mlango wazi. Mwalimu alivaa tai.

Kufika saa sita alikuwa ameingia kasisi, Lefteris, na mfanyakazi wa posta ambaye alikuwa na kifurushi cha kuleta hata hivyo. Mwalimu alikaa wima. Kila hatua zikisikika nje aligeuza kichwa, hatua zikapita.

Saa saba kasorobo aliingia bibi Myrsini. Ana miaka themanini na minne, mjane, nyumba ya mwisho kabla ya makaburi. Alikuwa amebeba kapu kwa mikono miwili, na alikataa nimsaidie. Aliliweka juu ya magoti ya Mwalimu.

"Miaka mingi, Mwalimu. Nimekuletea kijiji chako."

Mwalimu aliingiza mkono. Vilikuwa vigae. Alitoa kimoja kimoja akikipapasa ukingo.

"Vya wapi hivi?"

"Vya kondeni kwangu. Vya wapi vingine. Tsilki yote ni hivi."

Alisema Tsilki bila kusita. Yeye hakuwahi kusoma kwake. Alikuwa mtu mzima Mwalimu alipokuja, na hakuna aliyemsimamisha kwenye kona.

Kisha bibi Myrsini aliketi, akala biskuti mbili, akasema jambo ambalo naliandika kama lilivyosemwa.

"Rodanthi alijua."

Mwalimu aligeuza kichwa upande wa sauti yake.

"Babu yake alikuwa mfinyanzi wa mwisho hapa, si unajua? Hukujua. Alikufa kabla hujaja. Udongo wakichimba pale pale kondeni kwa kina mama yake huyu Stamatia. Siku uliyokwenda kwa diwani na karatasi yako, Rodanthi alikuja kwangu, tukikanda mkate. Akasema, Myrsini, mume wangu kasoma udongo kaona mimi. Nikamwambia, kimbia ukamwambie basi. Akasema hapana."

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nami nilimwuliza. Akasema, hana mti hata mmoja, hana ukuta, hana kaburi la mtu wake hapa. Kanipa kijiji kizima. Nimrudishie?"

Mwalimu aliweka kigae mezani, taratibu, kama kikombe kilichojaa.

"Miaka thelathini na miwili," alisema. Alikuwa anahesabu tangu 1952 hadi mazishi.

"Na ulikuwa unatufundisha kuchunguza," alisema bibi Myrsini. "Huyo wa ndani ya nyumba hukumchunguza hata kidogo."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia Mwalimu akicheka tangu Oktoba. Kicheko kilianza kama kikohozi.

Hakuna mwingine aliyekuja. Biskuti thelathini zilibaki.

21 Desemba

Nilimwuliza kama bado anataka ukurasa wa 14 urekebishwe, baada ya aliyoyasikia. Nilidhani atasema tuache. Mtu angeweza kusema kwamba Rodanthi alikwisha amua.

Alisema Rodanthi alinyamaza kwa sababu yake yeye, hakunyamaza kwa sababu ya kijiji. "Mimi sikuwafundisha kunyamaza. Niliwafundisha kupiga mstari."

25 Desemba

Krismasi. Kanisa limejaa. Kaldelis alimpa Mwalimu mkono kwenye ngazi, Mwalimu akaushika.

6 Januari 1997

Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana: kasisi ametupa msalaba bandarini, vijana wawili wameruka kuutafuta. Maji ya baridi. Siku kumi na nne kabla ya mchapaji.

11 Januari

Gunia la mwisho limefika kinuni. Magunia sabini na moja msimu huu. Nilipokuwa nasubiri mafuta Kaldelis alikaa kando yangu kwenye benchi. Alitaka kujua Mwalimu ataandika nini hasa.

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nilimpa aisome mwenyewe. Ni ukurasa wa 14 wa toleo la kwanza, haukuguswa, isipokuwa kwamba neno *gül* limepigwa mstari mmoja mwembamba, linasomeka, na juu yake kwa wino pameandikwa *kil*. Chini ya ukurasa kuna maelezo aliyonisomea Mwalimu kwa kichwa, kituo kwa kituo:

"Neno ni *kil*, udongo wa mfinyanzi, kama alivyothibitisha I. Sarri, na kama walivyotamka wenyeji siku zote. Mfasiri alisoma *gül*, waridi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na mke wake aliitwa Rodanthi. Anawaomba radhi wanafunzi waliosimama kwenye kona."

Kaldelis alisoma mara ya kwanza haraka. Mara ya pili midomo yake ilikuwa ikitembea, kama ya mtoto wa darasa la pili.

"Mimi nilisimama mara kumi na moja," alisema.

"Mimi mbili."

"Wewe ulikuwa mwoga." Aliikunja karatasi akanirudishia. "Na lile neno litachapwa hivyo hivyo? Na mstari wake?"

Nilimwambia hivyo hivyo.

"Kwa hiyo waridi bado linasomeka."

"Linasomeka."

Alitazama bomba mpaka mafuta yangu yalipoanza kutoka, ya kijani, mazito. Kisha akaniambia nipeleke. Alisema chupa haina shida, kwa sababu waridi lenyewe limo kitabuni, na kama Mjerumani atauliza, tutamwambia huyo ni mke wa Mwalimu.

Nilimwuliza juu ya kijiji cha juu na Matope.

"Waniite," alisema. "Nitawaambia mitungi yao ilitoka wapi."

12 Januari

Nimemweleza Mwalimu. Aliuliza tu kama Kaldelis alisoma kwa sauti au kimoyomoyo. Nilisema kwa midomo. Akasema, "Hajabadilika."

15 Januari

Barua kwa Ioulia Sarri imepelekwa posta. Mwalimu alisaini mwenyewe. Saini imepanda kidogo upande wa kulia.

20 Januari, Jumatatu

Maandishi yamefika kwa mchapaji, Mitilini, saa tatu na nusu asubuhi. Aliuliza kama mstari juu ya neno ni kosa la kuondolewa. Nilisema hapana, nikamwandikia kwa herufi kubwa pembeni. Kisha nilipita gazetini nikaacha masahihisho ya makala ya Aprili 1979. Mhariri, kijana, aliuliza kama kuna mtu anayejali baada ya miaka kumi na minane. Nilimwomba ayaweke ukurasa wa tatu, mahali pale pale.

27 Januari

Nakala mia tatu zimefika kwa gari la ushirika. Nilimwekea Mwalimu moja mikononi, nikaufungua ukurasa wa 14, nikakiweka kidole chake kwenye mstari. Hauna mwinuko wa kuhisiwa, ni wino tu. Aliuacha mkono pale.

Aliuliza kama ng'ambo inaonekana leo. Kulikuwa na ukungu. Nilimwambia haionekani.

29 Januari

Bibi Sarri amepiga simu mkahawani. Atafika kwa meli ya Ijumaa na atalala kwangu.

Kaldelis amebandika tangazo mlangoni pa kinu: kitabu kitatolewa Jumamosi tarehe 1 Februari, saa kumi alasiri, katika darasa la zamani la Mwalimu, kwa sababu ukumbi wa ushirika ni mdogo. Mwalimu atasoma ukurasa wa 14 kwa kichwa. Bibi Myrsini ataleta kapu. Viti ni arobaini. Watakaochelewa, tangazo linasema, watasimama kwenye kona.